Kupiga Nyama Bila Bunduki

Nyumbani kwetu Kolwezi kuna foto moja ya zamani ambayo mama anaiweka ndani ya sanduku la bati, pamoja na hati ya ndoa na kadi za kazi za marehemu baba. Ndani ya foto hiyo baba yetu ni kijana. Amesimama kwa majani marefu karibu na maji, ameshika bunduki ya kuazima, na mguu mmoja ameuweka juu ya nyama ya pori iliyokufa. Nyama hiyo iko na pembe ndefu zinazolala nyuma kisha zinainuka kwenye ncha. Nyuma ya foto baba aliandika kwa kalamu: "Upemba, 1974. Nyama ya maji."

Sisi watoto tuliipenda sana foto ile. Tulimjua baba paka kwa nguo za kazi, akirudi na vumbi la mugodi masikioni, akila bukari yake na kulala. Lakini kwa foto ile alikuwa mwindaji, mtu wa hadithi. Wageni walipofika, tulikuwa tunaomba mama alifungue sanduku ili tuwaonyeshe.

Mwaka wa 2025, mbele kidogo ya vakansi kubwa, binti yangu aliingia nyumbani na telefone mkononi. Akasema: "Papa, tazama. Wanasema hii ni foto ya kwanza kutangazwa ya nyama hii ikiwa hai. Iko kwetu, kule Upemba." Nikaona swala kati ya majani ya mabwawa, aliyepigwa foto kutoka juu, ndani ya ndege. Nilimwomba mama sanduku la bati. Tukaweka foto mbili pamoja juu ya meza, ile ya telefone na ile ya baba. Mimi si mtaalamu, siwezi kuapa kwamba ni nyama ileile. Lakini maandishi ya baba yalisema Upemba, tena yalisema nyama ya maji.

Binti yangu akatazama mara nyingi, kisha akaniuliza: "Papa, kumbe ni nkambo ndiye aliwamaliza?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mpiga foto wa arusi, ubatizo na kadi za masomo. Nikasema moyoni: nitakwenda kule mwenyewe na apareyi yangu.

Swala aliyepata jina kwa mifupa

Kwanza nieleze kidogo habari za nyama huyu. Wataalamu wanamwita lechwe wa Upemba. Lechwe ni swala anayependa maji. Kwato zake ni ndefu na zinapanuka, kwa hiyo hazami upesi kwa matope. Anakula majani yanayoota pahali mto unapofurika, na akiogopa anakimbilia majini, si inchi kavu. Ndugu zake wako Zambia, kwenye mabonde ya Kafue na mabwawa ya Bangweulu.

Huyu wa kwetu alichelewa sana kujulikana. Ni katika mwaka wa 2005 mtaalamu Fenton Cotterill alitangaza kwamba ni aina yake peke yake. Alimpa jina la kitaalamu Kobus anselli, kwa heshima ya Ansell, mtu aliyefanya kazi kubwa juu ya nyama wa Zambia. Na alimjua kwa njia gani? Kwa kupima mafuvu na pembe zilizochukuliwa Katanga miaka mingi mbele na kuwekwa katika nyumba za makumbusho kule Ubelgiji. Basi, swala wetu alipata jina kwa mifupa yake.

Miaka karibu 20 ikapita. Katika mwezi wa tatu wa 2024, Manuel Weber na wenzake walipanda ndege kuwatafuta. Namna ya kuhesabu nyama kwa ndege ni hii: rubani anafuata mistari iliyonyooka, kama mkulima anayepanda mahindi kwa kamba. Watazamaji wanakaa kushoto na kuume, na wanahesabu wale tu walio ndani ya kipande kilichopimwa. Kisha wanafanya hesabu ya kukadiri wale wa sehemu ambazo ndege haikupita. Waliona lechwe 10. Kwa hesabu yao, wote waliobaki hawafiki 100. Habari hiyo, pamoja na foto, ikatangazwa mwaka wa 2025.

Ndugu msomaji, kwa arusi moja ndogo ya Manika mimi napiga foto za watu kupita hao. Na miaka ya 1970, wakati baba aliposimama na bunduki yake, lechwe wale walikuwa maelfu.

Kuteremka na mto wetu

Mto wa kwetu ni Lualaba. Watu wengi wa Kolwezi wanaujua kwa ajili ya umeme, juu ya bwawa la Nzilo lililojengwa mwaka wa 1952. Lakini maji yakishapita kwenye mashini hayakomi pale. Yanaingia katika mabonde ya mawe, yanateremka mpaka Bukama, na kutoka pale mto unalala, unapanuka, unafanya maziwa na mabwawa: Upemba, Kisale na mengine. Maji yanayopita karibu na migodi yetu ndiyo anayokunywa lechwe. Nilikuwa sijafikiri neno hilo hata siku moja.

Niliondoka siku ya posho asubuhi katika mwezi wa saba, nikiwa na apareyi, betri mbili na mfuko wa unga. Tulipita Lubudi, tukapita Luena kule walikochimba makaa ya mawe, na magaribi tukafika Bukama, sote wekundu kwa vumbi kama matofali. Mara moja nilipoona daraja la reli juu ya mto nikatoa apareyi. Sikupiga hata foto moja. Bwana mmoja mwenye kofia akanishika mkono: "Unapiga daraja kwa ruhusa ya nani?" Saa moja na nusu nilikaa juu ya benchi nikieleza kwamba ninatafuta swala. Wakacheka sana. Mmoja akasema: "Huyu mubaba ametoka Kolwezi kutafuta swala kwa daraja!" Mwishoni wakaniacha niende, nami nikajifunza kuuliza mbele ya kupiga.

Kesho yake nikapanda mashua ya mbao yenye mota. Tulikuwa watu, mbuzi, magunia ya chumvi na kinga tatu. Mashua ilikwenda polepole kati ya mafunjo marefu kupita nyumba. Nikaona ndege weupe wengi sana, na tai wa samaki amesimama juu ya mti mkavu akilia kwa kichwa kilichorushwa nyuma. Nikaona viboko watano, ni kusema masikio kumi. Nilipiga foto 30 za wale viboko. Nilipozitazama usiku, kila foto ilikuwa maji mengi na kijiwe kimoja cheusi katikati. Nikaelewa kwamba kupiga bibi arusi na kupiga kiboko ni kazi mbili mbalimbali. Bibi arusi anakungoja.

Upande wa mashariki wa maziwa, inchi inapanda mpaka kwenye milima ya Kibara. Huko juu ni majani matupu na baridi, na huko ndiko wanakoishi pundamilia wa mwisho wa pori katika Kongo nzima. Milima na mabwawa, vyote ni sehemu ya Hifadhi ya Upemba, iliyowekwa tarehe 15 mwezi wa tano 1939. Leo eneo lake ni karibu hektari 1,173,000. Watoto wetu wanasoma kwamba pundamilia yuko Kenya na Tanzania. Yuko na Katanga pia, lakini nani amewaambia? Kolwezi wanajua mbuzi, mbwa na kunguru. Simba wamemwona kwa noti ya zamani ya franka 20.

Mikono ya baba mdogo

Katika kambi moja ya wavuvi kando ya ziwa anaishi baba yangu mdogo, yeye aliyemwazimia baba bunduki siku ile. Sasa ni mzee sana, macho yake ni hafifu, lakini masikio yako sawa. Alisikia mashua, akauliza ni nani. Nilipiga magoti nikasema: "Wafwako, baba mudogo. Ni miye, mwana wa yaya yako wa Kolwezi." Akanishika uso kwa mikono miwili, mikono inayonuka moshi wa samaki.

Nilimpa foto ya zamani. Aliileta karibu kabisa na jicho moja. Kisha akacheka, kisha akanyamaza.

"Ni ile," akasema. "Tuliipigia kule ng'ambo, pahali pale sasa munaona nyavu. Ilikuwaka mingi, mwana. Maji yakipanda, ilikuwa inakuya asubui sawa mbuzi ya kijiji. Batoto walikuwa wanaifukuza kwa mawe."

"Na sasa, baba mudogo?"

"Sasa haiko. Mbwa yangu hajapata kuiona."

Nikamweleza maneno ya ndege na hesabu ya 10. Alisikiliza vizuri. Nikamwuliza lile swali la binti yangu, kwa maana ndilo nililokuja nalo: je, ni ninyi mliowamaliza? Wengine pale motoni waliinama, wakaona kwamba nimemkosea mzee heshima. Lakini yeye hakukasirika.

Alisema hivi: "Yaya yako alipiga moja, miye nilipiga mingi. Tulikula, tukakausha, tukatuma kwa gari la moshi kwa bantu wa migodi. Bale walikuwa na makuta, sisi tulikuwa na nyama. Kisha mishahara ya migodi ikasimama, bantu wakakuya huku kutafuta samaki, wengi sana. Kisha vita, na bunduki ikawa mingi kupita nyama. Nani alimaliza? Kila mutu alisema, niko napiga moja tu. Hatukujua kama kintu mingi iko na mwisho."

Kitu kingi kiko na mwisho. Sisi watu wa migodi tunalijua neno hilo. Tumeona mashimo ambayo baba zetu walisema hayataisha hata wajukuu wazeeke, na leo ni maziwa ya maji ya kijani. Lakini kuna tofauti moja. Shaba ikishatolewa hairudi. Lechwe wakiachwa wakae, wanazaa.

Siku tatu nilikwenda asubuhi mapema kwa bwato pamoja na mwana wa baba mdogo, nje ya mipaka ya hifadhi, pahali tuliporuhusiwa. Mbu walinila, jua lilinichoma. Sikuona lechwe. Siku ya tatu nilitaka kulia, kweli. Pesa ya safari nilikuwa nimeikopa.

Jioni ya mwisho nikamwomba baba mdogo anieleze namna pembe zilivyokuwa. Akaacha wavu aliokuwa anashona, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaipindisha nyuma, akainua vidole kwenye ncha. Akafunga macho. Nikapiga.

Neno moja, kazi mbili

Njiani nikirudi nilifikiri juu ya lugha yetu. Sisi tunaita nyama kile kilicho hai porini, na tunaita nyama kile kilicho ndani ya chungu. Tena tunasema kupiga bunduki na kupiga foto. Kwa hiyo ukisema "nimepiga nyama", mtu hawezi kujua kama umeleta chakula ao umeleta picha.

Zamani kazi hizo mbili zilitembea pamoja. Mwaka wa 1905 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alitoa kitabu chenye foto za nyama alizopiga usiku katika inchi ambayo leo ni Tanzania, kwa mwanga wa unga unaolipuka. Jina la kitabu chake lilitaja vyote viwili, mwanga wa foto na bunduki, kwa maana alibeba vyote viwili. Baba yangu vilevile: bunduki ilipiga kwanza, apareyi ikafuata.

Lakini apareyi inaweza pia kuwa shahidi. Rodrigue Katembo, mlinzi Mkongomani, alipokuwa katika Hifadhi ya Virunga alificha apareyi ndogo mwilini, akakamata ushahidi wa rushwa iliyotolewa juu ya petroli ya pale. Katika 2015 alitumwa Upemba, naye akawafukuza wale waliochimba coltan ndani ya hifadhi. Mwaka wa 2017 alipewa Tuzo ya Goldman. Kazi hiyo si mchezo. Mbele yake, katika 2012, Atamato Madrandele, mkubwa wa hifadhi ya Upemba, aliuawa na watu wenye silaha. Tangu 2017 ICCN, shirika la serikali linalolinda hifadhi, inafanya kazi Upemba pamoja na shirika la Forgotten Parks. Walinzi ni vijana wetu, watoto wa Katanga na wa majimbo mengine. Wanalala baridi kule Lusinga ili wale 100 wasifike sifuri.

Na ile foto ya 2025? Haikuongeza lechwe hata mmoja. Ila tangu siku ile hakuna anayeweza kusema kwamba nyama huyo ni hadithi ya wazee. Mtu akimmaliza sasa, anamaliza kitu chenye jina na sura.

Kwa vijana wenye telefone na apareyi

Vijana wengi wananiuliza namna ya kupiga nyama wa pori. Haya ndiyo machache niliyojifunza kwa kukosa.

Omba ruhusa kwanza. Ndani ya hifadhi hauingii bila ICCN. Njiani usipige daraja, askari wala mugodi bila kuuliza.

Jua upepo unatoka wapi. Nyama anakunusa mbele ya kukuona. Keti pahali upepo unapokupiga usoni, usivae nguo ya kung'aa, na unyamaze.

Piga asubuhi na jioni. Jua la saa sita linafanya kila kitu cheupe. Zima flashi, usiku inasumbua nyama, na mchana haifiki mbali.

Usimfukuze nyama ili upate foto ya mbio. Mama akikimbia anaacha mtoto. Wala usimlipe mtu akukamatie kitoto cha nyama upige naye. Siku ukilipa, kesho watakamata kumi.

Anza na wale walio karibu. Kinyonga wa kwenye ua, ndege kwa waya wa umeme, chura wakati wa mvua. Kijana asiyeweza kumngojea kinyonga dakika kumi hatamngojea tembo.

Andika nyuma ya foto, ao ndani ya telefone: pahali, tarehe, ulichoona. Kama baba asingeandika yale maneno mafupi mwaka wa 1974, leo tungekuwa na mtu na nyama tu, bila habari.

Sanduku la bati

Nilirudi Kolwezi bila lechwe. Binti yangu alikuja kunipokea kwenye gari, na neno la kwanza lilikuwa: "Papa, ulimpata?" Nikamwonyesha foto ya baba mdogo na mikono juu ya kichwa. Hakuelewa. Nikamwambia: "Hizo ndizo pembe."

Nilimweleza yote, na sikumfichia kitu. Nilisema ndiyo, nkambo alipiga, na baba mdogo alipiga, na watu wa Kolwezi walinunua. Nyama ile ililisha watu, na hakuna aliyekuwa mbaya kupita jirani yake. Lakini wao waliweza kusema hatukujua. Sisi tumeambiwa hesabu. Mtu wa leo akileta nyama kavu ya hifadhi sokoni, na mimi nikainunua, sitaweza kumjibu mtoto wake kwa neno lile la baba mdogo.

Mama aliitazama foto mpya muda mrefu. Alimtambua shemeji yake, akasema amezeeka. Kisha akafungua sanduku la bati, akaweka foto mbili pamoja, ya 1974 na ya 2025, na akanipa kalamu. Nikaandika nyuma: "Upemba, mwezi wa saba 2025. Baba mdogo anaonyesha nyama ya maji. Wako bado, chini ya 100."

Binti yangu akaniomba kalamu, akaongeza mstari wake chini ya wangu: "Nitakwenda kuwaona."

*Kwa kikundi cha vijana, mzungumze pamoja:* Waulizeni wazee wa kwenu ni nyama gani walimwona karibu na Kolwezi wakiwa watoto, na pahali gani. Andikeni majibu, jina la nyama na mwaka. Je, yuko bado? Na kama hayuko, nani atasimulia sura yake?